Kifuko cha zipu au kisanduku cha kitambaa: dhahabu ihifadhiwe wapi?

Kwanza tazama karati, yaani kipimo cha usafi wa dhahabu. Ya 22 ina dhahabu asilimia 91.6: haifubai kirahisi, ila ni laini na hukwaruzika. Ya 9 ina asilimia 37.5 tu, iliyobaki ni shaba, fedha na metali nyingine, ambazo huingia weusi kwa jasho, chumvi na unyevu wa pwani.

Kwa karati 9, kifuko cha plastiki chenye zipu ndicho bora, kwani hupunguza hewa na unyevu. Osha pambo kwa maji vuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya vyombo, sugua kwa mswaki laini, suuza, kisha likauke kabisa. Ukilifungia likiwa na maji, umefungia tatizo humo humo. Kamua hewa, weka pambo moja kwa kila kifuko. Mkufu ufungwe kifungio chake usije ukajisokota. Wenye lulu usiutie humo, lulu huharibika zikikauka mno.

Kisanduku kinafaa bangili za karati 22, mradi kila moja iwe na chumba chake. Pete ya almasi itengwe: almasi hukwaruza kila kinachoigusa.