Mstaafu wa jeshi Nakuru: Nairobi au PGH?

Askari mstaafu wa kambi ya Lanet, hapa Nakuru, mwenye haki ya kutibiwa jeshini huwaza: apande matatu kilomita kama 160 hadi hospitali kuu ya jeshi, Nairobi, au aende hospitali ya rufaa ya kaunti, ile tunayoiita PGH?

Akiwa Nairobi, mstaafu haelezi mambo mara mbili. Daktari wa jeshi anajua bomu la kutegwa ardhini linavyoharibu masikio na mgongo, na aliyerudi kutoka Somalia, ambako jeshi la Kenya (KDF) liliingia Oktoba 2011, hamshangazi akisema halali usiku. Kwa majeraha ya akili naona Nairobi inashinda, tena kwa mbali. Lakini nauli, chakula, na mtu wa kumsindikiza? Mzee wa presha na sukari anayehitaji dawa kila mwezi atachoka, kisha ataruka kliniki. Hapo ndipo miguu huanza kuvimba.

PGH ni karibu, ila foleni ni ndefu na mara nyingine unatumwa dawa duka la nje. Tangu Oktoba 2024 kadi ya bima ya afya ya serikali ni ya SHA badala ya NHIF. Asiye na mshahara hulipa kuanzia shilingi 300 kwa mwezi, tena za mwaka mzima kwa mpigo.

Mimi ningemwacha PGH kwa presha na sukari, Nairobi kwa kiungo bandia na ushauri nasaha. Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ya 2022 ipo. Kinachokosekana ni faili la mstaafu kusomeka kote kuwili.