Injini ya mvuke kwa boti yangu ya kwanza: niliyoinunua kwa pupa, na hii niliyo nayo sasa

Mimi ni mzaliwa wa Kigoma. Babu yangu mzaa mama alifanya kazi kwenye chumba cha injini cha Liemba enzi meli ile ikienda kwa mvuke, kabla haijatiwa dizeli miaka ya 1970. Injini zile sikuwahi kuzisikia. Nilimsikia babu akiziiga kwa mdomo, huku mkono wake ukipanda na kushuka. Kwa hiyo nilipohamia Uingereza, nikakuta Jumapili asubuhi watu wazima wanaendesha viboti vya mvuke kwenye bwawa la bustani, nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi kwa baridi. Mwezi uliofuata nikanunua injini yangu, na niliinunua vibaya. Nayaandika haya ili mwenzangu anayeanza asitupe pesa kama nilivyotupa mimi.

Ile ya kwanza ilikuwa ya mtumba, paundi 60. Silinda moja, mvuke unaisukuma pistoni upande mmoja tu, na boila ndogo inayochemshwa kwa taa ya spiriti. Muuzaji aliniambia inafaa boti. Mezani ilizunguka bila tabu, maana haikuwa na mzigo. Nikaifunga kwenye kiboti cha sentimita 60, nikaizungusha flaiwili, lile gurudumu zito la injini, kwa kidole, ikashika, ikaenda kama mita 20. Upepo ukapuliza, moto wa spiriti ukalala, presha ikashuka, injini ikasimama. Sasa, injini ya silinda moja ikisimama pistoni ikiwa juu kabisa au chini kabisa, hata presha irudi vipi haianzi yenyewe. Inangoja kidole cha mtu, na mimi nilikuwa ukingoni. Nilisubiri dakika 40 upepo uniletee boti.

Ninayoitumia sasa ina silinda mbili, na kila moja inasukumwa na mvuke juu na chini. Mikono ya krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, imepishana nyuzi 90, kwa hiyo pistoni moja ikiwa mwisho wa safari yake nyingine iko katikati, inasukuma. Ukifungua mvuke inaanza yenyewe, mbele au nyuma, popote iliposimama. Kama una rimoti na unataka kuirudisha boti nyumbani, hilo ndilo jambo la kwanza la kuuliza dukani. Rangi, mng'ao wa shaba, na hata bei vingoje kwanza.

Silinda zenyewe ni za kubembea: hazina vali ya pembeni, silinda nzima inayumba kwenye mhimili wake, na matundu yake yanakutana na tundu la mvuke kisha la kutolea mvuke uliokwisha kazi, kwa zamu. Kuna watu wanaiona aina hii kama ya watoto. Mimi siwaungi mkono. Meli kubwa za magurudumu ya makasia za karne ya 19 zilitumia silinda za kubembea, Great Eastern mojawapo. Tena kwa anayeanza zina faida ambayo sikuijua mpaka nilipoiona kwa macho. Mvuke ukiingia kwenye silinda baridi unageuka maji, na maji hayabanwi. Silinda ya kubembea imeshikwa na springi, kwa hiyo maji yakizidi inajisogeza kidogo kutoka kwenye bamba lenye matundu ya mvuke, maji yanatoka, inarudi. Dakika ya kwanza yangu hutema maji na kutetemeka, kisha inatulia. Ubaya ni kwamba springi hiyohiyo huiachia presha ikipanda sana, na kuvuja kidogo hakukosekani.

Niliifikiria pia Stuart 10V, ambayo wapenzi wa mvuke wengi hapa wanaiheshimu: silinda moja ya wima, kipenyo robo tatu ya inchi, yenye vali ya kuteleza. Ni injini nzuri sana. Lakini ukiinunua kama vyuma vya kalibu, ambavyo bado havijachongwa, unahitaji mashine ya kukereza na miezi ya kazi, na silinda moja ni silinda moja tu, tatizo la kidole liko palepale. Injini za Mamod na Wilesco za kukaa mezani ni nzuri kumfundishia mtoto mvuke ni nini. Kuzitia boti ni jambo jingine.

Boila ndiyo iliyonipa kazi ya kufikiri. Watu wengi wanachagua injini kwanza, boila baadaye, halafu wanashangaa kwa nini presha inakufa baada ya dakika mbili. Piga hesabu. Silinda zangu zina kipenyo cha milimita 10 na mwendo wa milimita 12. Hiyo ni kama sentimita za ujazo 0.94 kwa msukumo mmoja. Misukumo minne kwa mzunguko inafanya 3.8. Kwa mizunguko 800 kwa dakika, injini inameza lita 3 za mvuke kila dakika. Mvuke wa bar 2 (bar ni kipimo cha presha) kwenye geji una uzito wa gramu 1.65 hivi kwa lita, kwa hiyo ni gramu 5 za maji kwa dakika, na ukihesabu kinachopotea kwa baridi ya mabomba na kuvuja, weka 9 au 10. Boila lazima iweze kugeuza kiasi hicho kuwa mvuke, dakika baada ya dakika. Yangu ni ya shaba nyekundu, imelehemiwa kwa fedha, inapikwa kwa gesi, na inafanya kazi kwa bar 3. Nilinunua vyote, injini, boila, tangi la gesi na jiko lake, kwa fundi mmoja mwenye karakana ndogo, jumla paundi 540. Ni pesa nyingi, najua. Lakini alishavipima pamoja.

Boila isiyo na karatasi ya kupimwa usiinunue, hata ukipewa kwa bei ya nyanya. Inajazwa maji baridi na kusukumwa mpaka presha mara mbili ya ile ya kazi, ikisimama imara ndipo inapata karatasi. Vali ya usalama iwepo na ifunguke kweli. Na tangi la gesi liwe dogo kiasi kwamba gesi iishe kabla ya maji. Yangu inazima dakika ya 20, maji yakiwa bado yako juu ya bomba la moto.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni kikopo cha mafuta, kidogo kama kidole gumba. Unakijaza mafuta mazito ya mvuke, meusi kama asali ya miombo. Mvuke kidogo unaingia, unapoa, unageuka maji, maji yanazama chini kwa kuwa ni mazito kuliko mafuta, na mafuta yanapanda tone kwa tone kwenye bomba la kwenda silinda. Nikimaliza nafungua skrubu ya chini, yanatoka maji meupe kama tui jepesi, na najua silinda zimekula. Siku yakitoka mafuta matupu, kuna tundu limeziba. Mvuke unaotoka hupita kwanza kwenye kijitangi kinachokamata mafuta, kwani bwawa lile lina bata.

Kasoro nimeziona. Siku moja ya Februari, nyuzi 4, moto ulififia boti ikiwa katikati. Nilikuwa nimejaza butane tupu, nayo karibu na nyuzi 0 haitaki kugeuka gesi, na tangi lenyewe hujipoza zaidi linapotumika. Sasa natumia mchanganyiko wenye propane, baada ya fundi kunithibitishia kwamba tangi langu linauhimili. Pia boila ikijaa ni nzito; iliinua omo na kuzamisha tezi mpaka nilipoisogeza mbele sentimita 7.

Propela ya plastiki iliyokuja na boti, ya milimita 35, niliitoa. Iliwekewa mota ya umeme inayokimbia. Mvuke unataka propela kubwa inayozunguka taratibu, na nilipofunga ya shaba ya milimita 55, yenye mapanga matatu, boti yangu ya sasa, ya sentimita 90, ilikwenda kama mtu anayetembea kwa haraka, na injini ikaacha kulia ikaanza kupumua. Binti yangu aliniuliza, "Baba, mbona mkono wako unapanda na kushuka?" Sikuwa nimejua. Wiki ijayo najaribu ya milimita 60.