Husserl na Merleau-Ponty: kuona na kusema
Alfajiri mawingu yakifunguka, mtu wa Moshi hukitazama kilele cha Kilimanjaro na kusema, "Leo Kibo inaonekana." Kwa mwanafalsafa Husserl, aliyeandika kuhusu maana mwaka 1900 na 1901, maana ya sentensi hiyo haimo katika kuona kwenyewe: aliyeupa mlima mgongo huielewa vilevile, na kwa kuona kulekule mwingine angesema, "Theluji imepungua." Kuona huja kuijaza maana iliyokwisha kukusudiwa. Merleau-Ponty, mwanafalsafa wa Ufaransa, akiandika mwaka 1945, hakubali kuitenga hivyo maana na kuona na kusema. Kwake kusema ni tendo la mwili, na wazo hukamilika linapotamkwa. Husserl ananiridhisha zaidi anapoeleza tunavyoutaja mlima uliofunikwa na tukaelewana. Ila kuhusu mtoto anayejifunza kusema huku akinyoosha kidole, sioni namna ya kumkwepa Merleau-Ponty.