TAHADHARI: Tairi za pikipiki za "mtumba wa Japani" zinazouzwa Ngamiani ni vipara vilivyochongwa

Wana Tanga, hasa ndugu zangu wa bodaboda, kuna jamaa anauza tairi za pikipiki pale Ngamiani. Duka la kueleweka hana. Leo utamkuta kibaraza hiki, wiki ijayo kile. Maneno yake ni yaleyale: mtumba wa Japani, zimetembea kidogo, chukua kwa 25,000. Ni vipara hivyo, yaani tairi zilizokwisha mifereji. Vimechongwa mifereji kwa chuma cha moto na kupakwa rangi nyeusi ya kung'arisha.

Na wizi hauishii kwenye tairi. Ukirudi kulalamika kwamba usukani unacheza, anakupeleka kwa fundi wake, naye anakwambia tairi ni nzima, shida ni shingo (pale usukani unapozungukia kwenye fremu). Hapo unaliwa mara ya pili.

Ndivyo alivyofanyiwa mdogo wangu wa kijiwe cha Makorora. Alifungiwa mbele na nyuma. Akivuka spidi 50 njia ya Muheza, usukani unamtetemekea mikononi. Kwenye kona pikipiki inagoma kulala, halafu ghafla inaanguka upande kama imesukumwa. Fundi akautikisa usukani mara mbili, akatangaza shingo imekufa: golori mpya (vile vibira vya chuma ndani ya shingo), vikombe vyake vipya, 60,000. Dogo akalipa, ugonjwa ukabaki palepale. Tulipoifungua shingo nyumbani tulikuta golori zilezile za zamani, zimeoshwa na kutiwa grisi mpya. Kikombe cha chini kina hata kutu.

Sasa elewa kwa nini uongo huu unaingia akilini kirahisi: shingo mbovu na tairi mbovu zote zinaleta mtikisiko. Shingo ya pikipiki imelala nyuma kidogo. Ukiuchora mstari wake mpaka chini, unagusa barabara mbele ya pale tairi inapogusa. Tairi kwa hiyo inafuata nyuma ya mstari huo, na ndiyo maana inajirudisha kati yenyewe, sawa na vigurudumu vya kitanda cha hospitali. Golori zikilegea, gurudumu linajirudisha kwa kupitiliza, huku na huku, ndipo usukani unapotetemeka. Lakini tairi iliyochongwa vibaya, nzito upande mmoja, inaleta tetemeko hilohilo hata kama shingo ni mpya kabisa.

Kuna jambo moja ambalo shingo peke yake ni nadra kulisababisha: pikipiki kugoma kulala kisha kuanguka ghafla. Hiyo mara nyingi ni sura ya tairi. Pikipiki inakata kona kwa kulala (ukiwa kwenye mwendo, sukuma mkono wa kushoto wa usukani mbele, italala kushoto), na ili ilale taratibu tairi lazima iwe ya mviringo mpaka mabegani. Kipara kimeliwa katikati, kimekuwa bapa na kina ukingo. Unasukuma, kinagoma, ukivuka ukingo, kinakuangusha. Kuchonga mifereji hakurudishi mviringo. Tanga tumelelewa na baiskeli, tunaangalia kashata tu (michoro ya juu ya tairi), sura ya tairi hatuiangalii.

Huyu muuzaji pia alimfungia mdogo wangu tairi ya saizi 3.00 mbele badala ya 2.75, eti "inashika zaidi". Tairi kubwa mbele inainua pua na kuilaza shingo nyuma zaidi, usukani unakuwa mzito na mvivu kwenye kona.

Kabla hujatoa hela, dai kitambaa chenye petroli ufute tairi. Rangi ikitoka, rudisha. Tazama ndani ya mifereji: ya kiwandani ina kina kinacholingana, na kwenye alama ya TWI ubavuni (inayoonyesha pa kupimia tairi kuisha) kuna vinundu vidogo chini ya mfereji. Kwenye hizi vinundu vimekatwa, mifereji inapanda na kushuka, na ile ya mdogo wangu nyuzi za ndani ya mpira zilikuwa zinaonekana. Tafuta pia tarakimu nne za tarehe baada ya herufi DOT: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Zake nyingi zimepigwa msasa mahali hapo. Mpira wa zamani unakuwa mgumu, na mvua ikinyesha kule kupanda Amani hautakushikia.

Ukiambiwa shingo ni mbovu, usikubali kwa kutikiswa usukani. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, mtu akandamize nyuma gurudumu la mbele linyanyuke. Shika shokapu kule chini, vuta na kusukuma: ikigonga, shingo imelegea, na pengine inahitaji kukazwa tu. Zungusha usukani polepole kwa vidole viwili. Ukinasa pale kati, vikombe vimechimbika, hapo fundi anasema kweli. Usiponasa wala kugonga, angalia tairi. Na golori zikibadilishwa, simama hapohapo, uondoke na zile za zamani mkononi.

Risiti hatoi, anasema mashine imeharibika. Aliyeuziwa tayari asizitupe: piga picha mifereji na pale palipopigwa msasa, ziweke, tukiwa kadhaa tuzipeleke polisi na Tume ya Ushindani pamoja. Na gurudumu la mbele lianze kubadilishwa leo, hata kama la nyuma litasubiri hesabu ya kesho.