Mota ya umeme kwa boti ndogo ya kuvulia: ipi uanze nayo, ipi uiache

Kabla hujatoa fedha ya mota, tenga kwanza fedha ya betri. Wengi hufanya kinyume. Hununua mota kubwa kuliko zote dukani, kisha kinachobaki mfukoni kinatosha betri ya gari tu. Betri ya gari imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiinyonya taratibu hadi iishe, baada ya kufanya hivyo mara chache tu inakuwa imekufa. Mimi nilirudi nchi kavu kwa kasia moja, upepo wa usoni, betri imezima kabisa na ufukwe nauona. Ndiyo maana hata mpangilio wangu hapa chini unaitazama betri kwanza, mota baadaye.

Nguvu ya mota hizi hupimwa kwa pauni za msukumo, ile "lb" unayoiona kwenye boksi. Hesabu ya kawaida ni pauni 2 za msukumo kwa kila kilo 45 za uzito wote: boti, watu, betri, nanga, ndoo ya samaki. Boti ya kilo 450 ikiwa imeshapakia inahitaji pauni 20. Hapo ni maji yaliyotulia. Mkondo na upepo haviulizi hesabu yako, kwa hiyo mimi huzidisha mara mbili, nikapata 40, halafu naongeza kidogo. Ila usinunue pauni nyingi ukitarajia kukimbia. Karibu zote huenda mwendo wa mtu anayetembea haraka au kukimbia polepole. Unachokipata kwa pauni za ziada ni uwezo wa kushika njia upepo unapokusukuma pembeni.

Ya kwanza kwangu, na kwa wavuvi wengi wenye boti ndogo ndiyo pekee watakayoihitaji, ni mota ya kufunga tezi (nyuma ya boti), volti 12, pauni 50 hadi 55, yenye kidhibiti mwendo cha kielektroniki. Minn Kota Endura Max ni mfano mmojawapo. Kidhibiti hiki, ambacho kwenye maelezo huandikwa PWM au jina la kibiashara la kampuni, hukata umeme kwa mapigo ya haraka, mota ikapokea kile tu inachohitaji. Mota za gia za kawaida hupunguza mwendo kwa kuzuia umeme, na sehemu ya ule uliozuiwa hupotea kama joto. Mvuvi anayekokota chambo hukaa kwenye mwendo mdogo karibu siku nzima, na huko ndiko tofauti ilipo. Mota ya pauni 55 ikifunguliwa yote hula takriban ampea 50. Ukiwa na betri ya asidi ya ampea-saa 100 (ampea zikizidishwa kwa saa), ambayo haifai kushushwa chini ya nusu, hiyo ni chini ya saa moja. Punguza mwendo, na kwa kidhibiti cha aina hii betri ileile inakuvusha asubuhi nzima.

Ya pili ni ndugu yake wa gia tano mbele na tatu nyuma, kama Endura C2 au zile za Newport Vessels. Ni rahisi zaidi, haina mengi ya kuharibika, na fundi yeyote anayeelewa umeme wa gari ataifungua aielewe. Kama kilichookolewa hapa ndicho kitakachokununulia betri ya litiamu badala ya ya asidi, chukua hii wala usisite. Betri ya litiamu aina ya LiFePO4 ya ampea-saa 100 ina uzito wa kilo 11 hadi 13, wakati ya asidi hufika kilo 27 na zaidi, na ya litiamu unaweza kuitumia karibu yote badala ya nusu. Angalia mambo mawili tu: saketi yake ya ulinzi iweze kutoa ampea zaidi ya zile mota inazokula, na chaja iwe ya litiamu.

Ya tatu ni ya kufunga omo (mbele ya boti), yenye GPS. Hii huivuta boti badala ya kuisukuma, na boti inayovutwa hufuata njia vizuri zaidi. Raha yake kubwa ni kitufe cha kusimama: ukikibonyeza, mota inaishikilia boti palepale juu ya mwamba bila nanga. Anayevua kwa mshipi kwenye mawe ataipenda sana. Nimeiweka ya tatu kwa sababu bei yake inaweza kuzidi ya boti yenyewe, na kwa sababu kujisahihisha kila mara kwenye upepo kunakula betri.

Ya nne ni injini ndogo za umeme zilizokamilika, kama Torqeedo Travel na ePropulsion Spirit, zenye wati kama 1,000 na betri iliyounganika na injini. Kama maeneo yako ya kuvua yako mbali na unahitaji kusafiri kwanza, panda hadi hapa. Kwa kukokota chambo karibu na ufuo, ni gharama isiyo na kazi.

Ya mwisho ni mota kubwa za volti 24. Zinataka betri mbili, na kwenye boti ya mita nne uzito huo unakula nafasi ya mtu mmoja. Ziache kwa maboti mazito.

Sasa urefu wa mhimili, ile nguzo ya mota inayoshuka majini hadi kwenye propela, na hapa watu wanapoteza fedha nyingi. Pima kutoka juu ya ubao wa tezi hadi usawa wa maji, boti ikiwa imepakia. Mpaka sentimita 25, mhimili wa inchi 30 unatosha. Sentimita 25 hadi 40, chukua inchi 36. Hadi 55, inchi 42. Mfupi ukikupata kwenye mawimbi, propela inatoka majini, inavuma, na boti haiendi. Kama unavua baharini, soma maelezo uhakikishe mota imetengenezwa kwa maji ya chumvi na ina kipande cha zinki cha kuliwa na kutu badala ya mota. Ya maji baridi itaharibika, na dhamana haitakulinda.

Betri iweke mbele ili isawazishe uzito wako na wa mota huko nyuma. Hapo waya unakuwa mrefu, na waya mrefu mwembamba hupata joto na kuiba nguvu. Kwa ampea 50 mimi hutumia wa milimita za mraba 16, na fyuzi ya ampea 60 karibu kabisa na betri.

Kila baada ya safari kadhaa, vua propela. Uzi wa mshipi hujiviringisha nyuma yake bila wewe kujua, na kila mzunguko unausaga ukingo wa sili ya mpira. Sili ikikatika maji yanaingia ndani ya mota. Nilipoivua yangu mara ya kwanza nilikuta uzi umejikaza kama pete, nikaukata kwa ncha ya kisu, na sili ilikuwa tayari ina mchubuko. Fanya kazi hii nchi kavu, juu ya kitambaa, kwa sababu ile pini ndogo inayoshika propela hudondoka mara nati inapolegea. Pini ya akiba na spana yake vikae kwenye boksi la ndoano.