Ekzosi ya kununua kwa pikipiki ya Bukavu, na ile ya kuacha dukani

Mwulize motari (dereva wa pikipiki ya abiria) yeyote wa Kadutu, hapa Bukavu, kwa nini ametoa ekzosi ya kiwandani, atakwambia pikipiki yake sasa inavuta. Kunguruma inanguruma, hilo halina ubishi. Kuvuta ni habari nyingine. Kwa hizi Boxer, TVS na Haojue zinazotubeba kila siku, pesa ya ekzosi ya kubadilisha karibu kila mara ingefanya kazi kubwa zaidi mahali pengine kwenye pikipiki hiyohiyo. Nimezipanga hapa kuanzia ile ambayo ningemshauri ndugu yangu wa tumbo moja ainunue hadi ile ambayo ningemkataza kabisa.

Injini hupata nguvu kutokana na hewa inayoingia na petroli inayoungua pamoja nayo. Ekzosi inaweza kusaidia tu kama ile ya zamani ilikuwa inazuia moshi kutoka. Boxer ya cc 150 ina nguvu za farasi kama 12, na bomba lake lilipimwa kiwandani kwa moshi wa kiasi hicho. Ukiweka bomba pana zaidi, moshi unapunguza mwendo ndani yake, na ule mvuto unaosaidia kusafisha silinda wakati valvu zote mbili ziko wazi kidogo unadhoofika. Kinachopotea ni nguvu ya mwendo wa chini. Nguvu hiyo ndiyo unayoitafuta ukiwa gia ya pili, abiria wawili mgongoni, unapanda kutoka ziwani.

Halafu kuna mwinuko wa mji wenyewe. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na vilima vyetu vinaendelea juu ya hapo. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100, kwa hiyo yetu imeshapoteza kama asilimia 15 kabla hujawasha. Hewa ni nyepesi, na hakuna bomba litakaloifanya nzito.

Nafasi ya kwanza naipa ekzosi ya kiwandani ya pikipiki yako, mpya au iliyotumika lakini nzima. Ukinunua iliyotumika, itikise karibu na sikio. Ikilia ndani, vigawanyo vyake, yaani vile vibati vya ndani vinavyopunguza kelele, vimeachia. Gonga tumbo lake kwa mpini wa bisibisi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na pale sauti inapokuwa butu ujue kutu imekula bati kutoka ndani. Chini ya silensa nyingi, lile tumbo la ekzosi linalopunguza kelele, kuna kitundu kidogo sana. Wengi hudhani ni ubovu na humpelekea fundi wa kuchomelea akizibe. Acha kitundu hicho! Kimewekwa ili maji yanayotokana na moshi yatoke, na ukikiziba bomba litaoza mapema, hasa kwa safari zetu fupifupi ambazo haziachi bomba lipate joto la kutosha kukauka. Nunua pia gasketi mpya ya pale bomba linapokutana na injini. Ya zamani ikivuja utasikia mlio wa kupasuka-pasuka unapoachia mafuta, na fundi asiye makini atailaumu kabureta.

Ya pili ni kutonunua ekzosi. Kama yako ina tundu tu, ichomelewe vizuri, kisha pesa iende kwenye plagi, chujio la hewa, kupima nafasi ya valvu, na ile gia ndogo ya mbele inayovuta mnyororo. Ikiwa ina meno 14 ukaweka ya meno 13, gurudumu la nyuma linapata mvuto zaidi wa karibu asilimia 8. Mwendo wa juu utapungua, lakini nani anaufikia mwendo huo kati ya Nyawera na Bagira?

Seti kamili, yaani bomba la mbele pamoja na silensa, inakuja ya tatu, na kwa pikipiki kubwa tu, za cc 250 kwenda juu. Hapo faida ipo, na uzito unapungua, ila kwa sharti kwamba kabureta ipangwe upya. Moshi ukitoka kwa urahisi zaidi, hewa huzidi petroli. Baada ya safari ndefu fungua plagi. Kaure yake, ile sehemu ya udongo kwenye ncha, ikiwa ya kahawia hafifu, mambo ni mazuri. Ikiwa nyeupe kama chokaa, injini inaungua, na inabidi kuweka jikleri (kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli) kubwa zaidi.

Wenye Yamaha AG 100, zile za parokia na mashirika, somo lenu ni tofauti. Hiyo ni injini ya mapigo mawili, haina valvu za kufunga moshi, kwa hiyo umbo la ekzosi ni sehemu ya injini. Tumbo lake linapanuka kisha linabana, na wimbi la moshi linarudi kusukuma mchanganyiko mbichi uliotaka kutorokea nje. Walter Kaaden wa kampuni ya MZ, Ujerumani Mashariki, aliliendeleza jambo hili miaka ya 1950, na kufikia 1961 injini yake ya cc 125 ilikuwa inatoa nguvu za farasi 25. Mwaka huohuo mwendeshaji wake Ernst Degner alikimbilia Magharibi na ujuzi huo ukafika Suzuki. Kwa hiyo anayekata ekzosi ya AG 100 na kuweka bomba lililonyooka anaitoa nguvu kwa mkono wake.

Zinabaki silensa za stika, zile fupi zilizobandikwa jina la Akrapovič. Kampuni hiyo ya Slovenia hutengeneza ekzosi za pikipiki za mashindano, na stika haileti uhandisi wake kwenye TVS. Nyingi hazina bati la kukinga joto, na anayeungua shavu la mguu ni mama aliyepanda na kitenge chake.

Ya mwisho kabisa ni kutoboa au kukata silensa. Wataalamu wa usikivu wanaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda huo unagawanywa kwa mbili, kwa hiyo kwenye desibeli 94 ni saa 1. Motari hukaa juu ya kelele hiyo tangu asubuhi hadi giza.

Kama bado unataka kujaribu, chagua mlima mmoja, mzigo uleule, gia ileile, na simu yenye saa ya kupimia. Panda na ekzosi ya zamani, kisha na mpya, kabla hujamlipa muuzaji salio. Mkubaliane mapema kwamba sekunde zisipopungua anaichukua ekzosi yake.