Supu ya Vitunguu ya Kifaransa: Juu ya Jiko au Ndani ya Oveni?

Supu hii, iliyokuwa ikiwapasha moto wachukuzi wa soko la Les Halles, Paris, usiku wa manane, inasimama juu ya kitu kimoja: vitunguu vilivyoiva mpaka vikawa vya kahawia. Njia ni mbili.

Juu ya jiko unahitaji sufuria nzito na moto mdogo. Kata kilo 1 ya vitunguu maji vipande vyembamba, tia siagi vijiko 3 na chumvi kidogo, kisha usiende mbali. Mwanzoni vinatoa maji tu. Baadaye vinalegea, vinageuka rangi ya asali, na ukoko wa kahawia unaanza kushika chini. Usiuogope! Mwagia maji kijiko kimoja, ukwangue kwa mwiko. Utamu wote umo humo. Saa nzima hivi itapita. Anayekuahidi dakika 10 anakupa vitunguu vya kukaanga, si hivi.

Oveni ya nyuzi 200 inataka zaidi ya saa 2, sufuria imefunikwa, halafu mfuniko unaachwa wazi kidogo. Ila unakoroga mara chache tu, huku unafanya mengine. Wageni wakiwa wengi, mimi naichagua hii. Tukiwa wawili nabaki na jiko, maana pua inaniambia mapema vikitaka kuungua.

Mwisho ni uleule: supu ya mifupa ya ng'ombe, mkate wa jana uliokaushwa, jibini ya Gruyère juu yake, kisha moto wa juu wa oveni mpaka jibini itokote.